Joto Lile Lile

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sikuomba vizuri. Kijana wangu wa miaka 19 amehama nyumbani na simu zangu hapokei. Jumatatu nilimpigia mara saba, kisha nikamtumia ujumbe mrefu wenye mistari minne ya Biblia na lawama nyingi kuliko mistari. Alhamisi alfajiri usingizi ulinikataa, nikasimama dirishani namtazama yule ndege.

Tunaoishi Brisbane, huku Australia, tunamjua: mweusi, kichwa chekundu kisicho na manyoya, shingoni njano. Hapa humwita bata mzinga wa porini. Amekwangua matandazo yote ya bustani ya mke wangu, akayarusha kwa miguu kinyumenyume hadi pembeni mwa ua, na tuta sasa linanifika kiunoni. Sheria inamlinda, basi tumemwachia. Majike huja kutaga humo na kwenda zao. Hakuna anayeatamia. Majani yakioza hutoa joto, na dume huchomeka mdomo ndani, hupima, huongeza majani au huyapunguza, libaki kama nyuzi 33 hadi 35. Baada ya wiki saba hivi kifaranga hujichimbua mwenyewe na kutokomea vichakani, baba yake asimjue.

Ana ndugu yake kusini, kwenye nchi kavu ya mikalitusi mifupi: kuku wa mallee. Naye ni mjenga tuta, na joto analolitafuta ni karibu lile lile. Ila kwake mvua ni haba. Huchimba shimo wakati wa baridi, hulijaza majani, hungoja mvua iyaloweshe, ndipo hufunika kwa mchanga. Majani yakipamba moto, hufungua tuta asubuhi lipoe. Kiangazi kikikaza, hurundika mchanga zaidi kuyakinga mayai. Jua likianza kulegea, hufungua mchana ili mchanga uote jua, kisha hufukia tena. Miezi kama 11 ya mwaka yuko kazini. Miaka ya 1950 mtafiti Harold Frith alitia vipasha joto vya umeme ndani ya tuta. Ndege yule akazidi kupima na kurekebisha.

Hapo Bwana alinishika. Mimi nimekulia Uvira, Kongo. Nikikosea, mama jirani alinikanya kabla ya mama yangu kujua. Kulikuwa na shangazi, kwaya, mzee wa kanisa aliyemjua babu yangu. Majani yalikuwa tele na maji yalikuwepo. Nililelewa na mtaa mzima. Mwanangu amekulia nchi kavu, ghorofani, jirani hatumjui jina. Nami miaka yote nimekaa nikingoja majani yaoze yenyewe, na yalipokuwa baridi nikaanza kumpigia kelele.

Akina baba, niruhusuni niseme. Kolosai 3:21 tunaijua kwa moyo: "Ninyi akina baba, msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Tunaisoma, kisha tunawasimamisha vijana mbele ya kanisa na kuwataja kuwa waliopotea. Kila sentensi yetu inaanza na "sisi zamani". Yai hufa kwa baridi, na joto likizidi hufa pia! Injili ni ile ile, wala sisemi tuipunguze hata nyuzi moja. Lakini baba wa nchi kavu ana kazi ya asubuhi na kazi ya mchana, ya baridi na ya kiangazi, na hawezi kuijua bila kuingiza mdomo wake mchangani kwanza. Kabla hujamhubiria mwanao, unajua analala wapi? Zamu yake kazini inaisha saa ngapi? Nani anamcheka kwa lafudhi yake? Mimi sikujua hata moja.

Jana nilimwandikia neno moja tu: "Umekula?"

Saa nne usiku alijibu: "Ndiyo, baba. Wewe je?"

Nikakaa na simu ile mkononi nikilia. Wapendwa, mniombee nijue cha kumwandikia leo.