Methilini bluu ikiingia mshipani, namba za oksijeni huyumba

Oksimita ya kidole haipimi oksijeni. Hupima mwanga unaopenya kidoleni: mwekundu wa nanomita 660 na mwingine usioonekana wa nanomita 940, kisha hukokotoa SpO2, yaani asilimia ya hemoglobini iliyobeba oksijeni. Hemoglobini isiyobeba oksijeni hunyonya zaidi ule wa 660. Methilini bluu, dawa ya rangi ya bluu inayotibu methemoglobini (hemoglobini iliyogeuka isiyoweza kubeba oksijeni), nayo hunyonya kwa nguvu kwenye nanomita 665 hivi, na kwa mashine hakuna tofauti. Ndiyo maana dakika moja au mbili baada ya kuchoma dawa, SpO2 huweza kuporomoka hadi 60 na ushee huku mgonjwa akiongea vizuri. Dawa ikisambaa na kugeuzwa kuwa umbo lisilo na rangi, namba hupanda yenyewe.

Tatizo ni kwamba kabla ya dawa namba ilikuwa tayari ya uongo. Methemoglobini, inayoletwa na dapsoni, primakwini, benzokaini au naitraiti, hunyonya mawimbi yote mawili karibu sawasawa. Ikizidi, oksimita hugota karibu na 85%, na kuongeza oksijeni hakuisogezi. Mashine ya gesi za damu ikitoa sO2 (asilimia ileile, ila kutoka kwenye sampuli ya damu) ya 98% wakati kidole kinasema 85%, angalia kama sO2 hiyo imekokotolewa kutokana na pO2, yaani shinikizo la oksijeni katika damu. Mara nyingi ndivyo, na pengo hilo ndilo linalokuashiria methemoglobini.

Ko-oksimita, mashine inayopima sampuli ya damu, ni bora, kwa kuwa hutumia mawimbi mengi na kutenganisha aina za hemoglobini. Lakini hugawa mwanga wote ulionyonywa kati ya aina inazozijua tu. Rangi isiyomo kwenye hesabu yake hubandikwa kwa mojawapo: methemoglobini huweza kutoka juu au chini ya ukweli, kutegemea mashine. Ikigoma na kuonyesha hitilafu, shukuru. Kurudia sampuli mara tatu na kuchagua jibu linalopendeza si kipimo.

Kwa hiyo toa damu kabla ya dawa, kwenye sindano yenye heparini (huzuia damu kuganda), ipimwe mara moja. Dozi ni mg 1–2 kwa kilo kwa dakika 5. Mtu wa kilo 60 kwa mg 1/kg anahitaji ml 6 za dawa ya 1%. Ile ya 0.5% isichanganywe na salini (maji ya chumvi), tumia dekstrosi 5%. Andika saa ya dozi kwenye fomu ya maabara. Maabara inayopima methemoglobini kwa njia ya Evelyn-Malloy ina nafuu: husoma nanomita 630 kabla na baada ya kuweka sianidi, na rangi ya dawa hujifuta somo moja likitolewa kwa jingine.

SpO2 ikishuka baada ya dawa, tazama mgonjwa kwanza: kupumua, presha, fahamu. Usikimbilie dozi ya pili kwa sababu ya kidole, maana ikipita jumla ya mg 7/kg dawa yenyewe huzalisha methemoglobini. Lakini hali ikizidi kuwa mbaya, usiisingizie rangi.

Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu, dawa haimsaidii, na chembe zake nyekundu huweza kupasuka. Mkojo hautakuambia mapema, kwa kuwa dawa huugeuza kijani au bluu kwa kila mtu. Fuatilia hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya kuzungusha kwenye mrija mwembamba: hiyo husomwa kwa rula, haitegemei mwanga.