Mikizi wa Pangani wamenitoa jasho

Jana maji yakijaa nilikaa masaa matatu kwenye mdomo wa Mto Pangani na mshipi wangu. Mikizi? Tele! Kundi zima linapita hatua chache kutoka miguuni pangu, wengine wanaruka kabisa kama wananikejeli. Chambo changu cha kamba hawakukitazama hata mara moja.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona kimia chake (wavu wa kurusha) pembeni akacheka: "Mwanangu, huyo unampa nyama ya nini? Yeye anakula matope." Na ni kweli, mkizi hukwangua mwani kwenye mawe na kuchota tope, tena kinywa chake kidogo, laini. Ndoana ya kuvulia samaki aina ya changu ataipeleka wapi?

Nikabadili: ndoana ndogo kabisa, donge la mkate uliolowa, chelezo chepesi. Nikamwaga makombo kwanza wazoee. Mmoja akanyonya, akatema. Wa pili akanasa, nikavuta kwa pupa (kosa langu), mdomo ukachanika, kwaheri. Wanasema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Jana hasira zilikuwa zangu.

Mzee akarusha kimia mara moja tu, akatoa sita. Akanigawia wawili. Nyumbani nimesema nimewavua mwenyewe.