Ziwa Lisilo na Bamvua

Mwezi wa saba, upepo wa kusi ukishika, kwetu Mtongwe vyombo vidogo hulala. Mashua ya ami yangu ilikuwa imepandishwa pwani ikingoja kalafati, yaani kuzibwa mapengo ya mbao, nami kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya mwembe nikishona nyavu zilizotoboka. Ndipo akanipigia simu rafiki yangu Mturkana, tuliyelinda naye ghala moja Changamwe miaka mingi. Alisharudi kwao Kalokol, kando ya ziwa Turkana, sasa ni mvuvi. "Kila siku ulikuwa ukinisimulia bahari," akaniambia. "Njoo basi uone ziwa."

Nilipanda treni Miritini asubuhi, usiku nikawa ndani ya basi la Kitale. Kitale kulikuwa na baridi ya kukata mifupa. Kutoka Kapenguria barabara ikateremka, ikapita kwenye mwanya wa Marich, na kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyovua nguo moja moja. Kainuk, Lokichar, kisha Lodwar, kote vumbi na vichaka vya miiba vya mathenge. Kandokando ya mto Turkwel nikaona mikoma. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini, maana ni mkoma huohuo ambao pwani tunachuma miyaa yake kusukia majamvi na makanda. Lodwar nao akina mama walikuwa wamekaa kivulini wakisuka vikapu, na mmoja alipoona nawatazama vidole akanisogezea kigoda.

Kalokol nilifika jioni ya siku ya tatu, nikiwa nimebanwa kwenye probox katikati ya magunia ya unga.

Kitu cha kwanza alichonionyesha rafiki yangu ni kiwanda cha samaki. Kilijengwa kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili minofu igandishwe hapa na kusafirishwa mbali. Fikra yenyewe ilikuwa nzuri: wafugaji waliopoteza mbuzi na ngamia kwa ukame wangepata riziki ya majini. Lakini kugandisha samaki kwenye joto lile kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama ikashinda thamani ya samaki mwenyewe. Baridi haikudumu. Halafu ziwa likapungua, na ghuba ya Ferguson, ambayo ndiyo mazalio ya ngege, yaani perege, ikakauka kwa miaka. Nilisimama pale nikiwakumbuka wavuvi wetu wanaouza changu kwa bei ya kutupa saa nne ya asubuhi, eti kwa sababu barafu imekwisha. Kumbe mwanakwetu, tatizo ni moja.

Asubuhi nilipelekwa kwa mzee mwenye mashua. Nikamwamkia, "Ejok, mzee," naye akacheka kwa matamshi yangu, akanijibu kwa Kiswahili. Mashua yake ni ya mbao, imejengwa kwa mtindo wa mafundi wa ziwa Victoria, na mapengo yake yamezibwa kwa nyuzi za pamba kama kwetu. Nyavu ni za kutega, jamaa ya jarife letu. Maboya yake ni vipande vya kandambili zilizokwisha na chubwi zake ni mawe yaliyofungwa kamba.

Nikamwuliza swali ambalo mvuvi yeyote wa Mombasa angeuliza kabla ya kushika kasia: "Mzee, bamvua ni lini?"

"Bamvua ni nini?"

Nikamweleza: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, katikati yake yapo maji mafu, na sisi hupanga kazi yetu yote kwa hesabu hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema hapa mwezi ni taa tu. Hapa anayepanga kazi ni upepo. Huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi, jioni hutulia, kwa hiyo nyavu hutegwa jioni na kutolewa alfajiri ndani ya ghuba, penye kinga ya ulimi wa mchanga wa Longech.

Tulitega jioni ile. Niliteka maji kwa kiganja nikayaonja. Si ya chumvi kama ya bahari, wala si matamu. Yana ladha ya magadi, yanateleza ulimini kama maji yaliyolowekwa majivu. Ziwa hili halina mto wa kutolea maji. Yakishaingia, njia yake ya kutoka ni jua. Watoto waliteka maji yayo hayo kwa vibuyu na madumu, wakinywa na kuwatazama mamba kwa jicho moja.

Alfajiri tulivuta. Upepo ulikuwa ukipiga kelele upande wa pili wa Longech. Ngege walikuja mmojammoja, wametanua mapezi, kisha wavu ukawa mzito na kijana aliyekuwa mbele akaita. Mbuta, ndiye sangara, urefu wa mkono wangu toka begani, macho yanang'aa rangi ya dhahabu. Nimevua kolekole na nguru, lakini sikuwahi kuona jicho kama lile.

Ufuoni akina mama waliwapasua ngege kwa mgongo, wakawafungua kama kitabu na kuwatandaza juu ya mchanga wa moto. Ni ng'onda wetu huyo, isipokuwa sisi humshindilia chumvi na wao walimwachia jua peke yake. Kufikia adhuhuri ngozi ilikuwa imekakamaa. Mchuuzi alikuja na gari, akataja bei yake, akapakia. Hakuna aliyebishana naye, kwani magari hayaji kila siku. Hilo liliniuma.

Siku ya mwisho mzee aliniita pembeni. Ndani ya maji kulikuwa na mikoma iliyokufa imesimama wima, maana baada ya miaka ya kushuka, mvua kubwa zilikuja kulipandisha ziwa hata likameza nyumba za watu. Kwenye shina la karibu alikuwa amekata alama kwa panga, nyingine juu, nyingine chini. "Uliniuliza bamvua," akasema. "Yetu ni moja kwa mwaka, na hutoka Ethiopia."

Mto Omo ndio unaoleta karibu asilimia 90 ya maji ya ziwa Turkana. Mvua zikinyesha milimani kwao, furiko lake hushuka na rutuba, na samaki hujua wakati wa kuzaa umefika. Bwawa la Gibe III lililojengwa kwenye mto huo, lenye ukuta wa mita 243, lilipoanza kujazwa mwaka 2015, mto ukabanwa na ziwa likateremka. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hili kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mzee hakunitajia UNESCO. Aliweka kidole kwenye alama moja ya chini, akasema mwaka ule alivua nusu ya alichozoea.

Sisi bamvua yetu iko mikononi mwa Mungu na mwezi. Yake ina mlango, na mwenye ufunguo hamjui yeye.

Nilirudi na kifurushi cha ngege wakavu. Mama aliwaloweka usiku kucha, akawapika kwa tui zito na bamia, na ami yangu aliyekuwa akidai samaki wa ziwani ananuka tope akaomba aongezwe.

Mwezi wa kumi, tukishusha mashua majini, simu ililia. Ni rafiki yangu, na nyuma yake namsikia mzee akimwelekeza la kusema.

"Mwambie yule wa Mombasa, tangu aondoke yamepanda vidole vinne."