Jana nilikuwa BK Arena, Kigali

Jamani, mpaka sasa masikio yanavuma. Nilipata kiti cha karibu kabisa na uwanja wa kikapu, nikawa nasikia soli za raba zikilia kwenye mbao kila mchezaji alipogeuka ghafla. Kwenye runinga huyasikii haya.

Ukumbi huu wa watu 10,000 ulijengwa kwa takriban miezi sita tu, ukafunguliwa Agosti 2019 ukiitwa Kigali Arena. Jina la benki, BK yaani Bank of Kigali, lilikuja 2022. Mwaka 2021, kwa sababu ya korona, msimu wa kwanza wa Ligi ya Kikapu ya Afrika ulichezwa wote humu, na Zamalek ya Misri ikabeba kombe. Ila si kikapu tu! Mkutano Mkuu wa FIFA wa 2023 ulifanyika hapa hapa, na Desemba ya mwaka huo rapa wa Marekani Kendrick Lamar akapanda jukwaani.

Jirani yake ni Uwanja wa Amahoro, walikokimbilia maelfu ya watu wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 kunusuru maisha yao. Niliutazama kwa muda mrefu kabla ya kuingia ukumbini.

Mnaopanga kuja Kigali, angalieni kwanza ratiba ya kikapu ndipo mkate tiketi.