Ithibati nne na karanga za mama

Nikisikia tena mtu anasema "andika ndiyo tu, nani atakuja Mwanza kuangalia," nitamrushia bika. Ushauri huo nilipewa na watu wawili, wote wana shahada, na mmoja nilisoma naye darasa moja.

Swali lenyewe lilikuwa la mstari mmoja, kwenye fomu ya chuo cha Uingereza nilikoomba uzamili wa kemia ya uchambuzi: shahada yako ya kwanza ya kemia ina ithibati ya chama cha wanataaluma? Kama haina, onyesha inavyolingana na iliyo nayo. Vyeti, transkripti na barua za wadhamini nilishamaliza, hayo mnayajua. Nikakwama hapo miezi minne.

Nilianza kwa bosi wangu. Mimi ni mtu wa maabara ya kiwanda cha samaki huku Ilemela. Bosi hakuinua hata kichwa, akanyoosha kalamu ukutani: "Ithibati si ile pale?" Pale ukutani kuna cheti cha ISO/IEC 17025. Simlaumu sana. Kwa sisi wa sangara, tangu Ulaya ilipofunga mlango mwaka 1999 kwa hofu ya sumu za uvuvi ziwani, neno ithibati lina maana hiyo moja: maabara inaaminika, majibu yake yanaaminika. Lakini mimi si maabara.

Nikaenda kwa dada mmoja wa stashenari pale Kirumba anayesaidia watu kujaza fomu za mitandaoni. Akanitolea ukurasa unaoonyesha programu yangu inatambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, mia tano kwa ukurasa, akanipongeza. Ni kweli inatambuliwa. TCU ikikubali programu, maana yake chuo kina haki ya kuifundisha na shahada yangu si karatasi ya kufungia vitumbua (neno hili likumbukeni, tutalirudia). Jamaa mwingine akaniambia kumbe ni Baraza la wanakemia, lile lililokuja na Sheria ya Wanataaluma wa Kemia ya mwaka 2016. Lakini Baraza linasajili mtu. Fomu iliuliza habari za shahada.

Kwa hiyo ithibati tatu mkononi, na hakuna iliyojibu swali.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu mkubwa. Nilisoma mahali kwamba American Chemical Society, chama cha wanakemia cha Marekani, wamekuwa wakipitisha programu za kemia tangu miaka ya 1930. Nikasema hao hao. Nikaandika barua pepe ndefu, nimekaa baa ya soda Capri Point saa mbili nzima, upepo wa ziwa unanipulizia karatasi. Niliandika kila kitu: alama zangu za kidato cha sita, uzoefu wangu wa kupima histamini kwenye samaki, hata nilivyopenda kemia tangu nikiwa mdogo. Nikamalizia kwa heshima zote kuwaomba waipitishe shahada yangu, na nikauliza ada nilipe kwa njia gani.

Jibu lilikuja na adabu zote, mistari mitatu. Wanapitisha idara za vyuo vya Marekani. Mtu mmoja mmoja hawampitishi. Nami nilikuwa nimewatumia hadi picha ya pasipoti.

Lakini ile mistari mitatu ilinifungua macho kuliko washauri wote. Ithibati ya namna hii hupewa programu, kisha mhitimu anaibeba. Uingereza wanaofanya kazi hiyo ni Royal Society of Chemistry: wanaangalia mtaala, kazi za maabara, mradi wa utafiti na namna ya kutahini, na mhitimu wa programu waliyoipitisha anakuwa ameshapanda ngazi za mwanzo kuelekea CChem, hadhi yao ya mkemia aliyethibitishwa kitaaluma. Programu yangu hawajawahi kuipitisha, na si aibu, haikuwahi kuombwa. Basi mimi nilitakiwa kujibu sehemu ya pili ya swali, ile niliyokuwa naikwepa: onyesha inavyolingana.

Nikaiomba idara yangu ya zamani maelezo ya kozi. Wakanitumia. Kozi nzima ya kemia ya uchambuzi ilikuwa na sentensi moja na nusu. Prakitiko, yaani kazi ya maabara, haikutajwa hata kwa bahati mbaya, wakati huko wanakouliza ndicho kitu cha kwanza wanachotaka kujua: ulishika nini kwa mikono yako, kwa saa ngapi?

Nikakumbuka madaftari. Saba, magumu, kila prakitiko ina tarehe na saini ya fundi wa maabara, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Yako kwenye sanduku la bati kwa mama, Nansio. Jumamosi hiyo hiyo nikapanda meli ya Ukerewe, saa tatu na ushee majini, nauli wala si ya kulalamikia.

Mama anauza karanga karibu na gati. Kabla hata sijaweka begi chini kanipa za kwangu, zimefungwa kwenye karatasi. Nikafungua, nikatafuna, nikasoma. Mwandiko ni wangu. Aspirini, mwaka wa pili, na ile aibu yangu ya kiwango cha kuyeyuka: nyuzi 118, wakati aspirini safi inakaribia 135. Pembeni kuna doa la zambarau, nilipoijaribu kwa kloridi ya chuma na ikanisaliti kwamba asidi ya salisiliki bado imejaa tele.

"Mama! Haya umeyatoa wapi?"

"Si kwenye sanduku lako. Umeshafaulu, mwanangu. Mtu akishafaulu daftari la kazi gani?"

Kijana wa bodaboda alikuwa anaondoka na za mia mbili. Nikamkimbilia. "Kaka, samahani, naomba hiyo karatasi." Akanitazama. "Na karanga?" Nikamwambia karanga ale, nikamkingia kiganja chake azimiminie humo. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na titresheni ya Mohr, ya kupima kloridi, yenye saini ya fundi, na alama ya kidole changu, nyeusi, ya naitreti ya fedha. Ukerewe nzima wanaijua habari hiyo sasa.

Madaftari matano yalisalimika, na nusu ya la sita. Nikahesabu prakitiko 104 zenye saini, saa tatu kila moja: saa 312, na za karanga sikuzihesabu. Nikachora jedwali: kozi, kredit, saa za maabara, kifaa nilichokiendesha mwenyewe. Kifaa nilichokiona tu kikiendeshwa na mhadhiri nilikiandika hivyo hivyo, "nilitazama." Mkuu wa idara akapitia, akagonga mhuri kila ukurasa.

Na kredit msizigawe kwa mbili kama nilivyoambiwa na yule mwanadarasa mwenzangu. Kugawa huko ni kwa wanaotumia ECTS, yaani kredit za Ulaya bara. Huku kwetu kredit 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, Uingereza vilevile, na shahada ya kwanza pande zote mbili ni 360. Ningemsikiliza ningejipeleka nina nusu shahada.

Wiki ya tano wakajibu kwamba wameridhika, na kwamba jedwali lilikuwa wazi. Nikampigia mama simu. Akashukuru Mungu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza yale matano nitayarudisha lini, maana karatasi za dukani zimepanda bei.