Kabla hujauliza bei ya gari la kifahari, uliza nani atalitengeneza

Ukizunguka yadi za magari hapa Arusha utaona jambo linalowachanganya wengi. Sedani ya Kijerumani ya mwaka 2008 au 2009, viti vya ngozi, injini ya silinda sita, inauzwa kwa hela ile ile ya Toyota ndogo ya umri huo huo, na mara nyingine pungufu. Dalali atakwambia ni bahati yako. Mimi nasema soko limeshapiga hesabu ya matengenezo yanayokuja na limeyakata kwenye bei. Kazi iliyobaki ni wewe nawe kuipiga hesabu hiyo kabla hujatoa hela.

Mimi ni mhasibu wa kampuni ya utalii. Ankara zote za gereji zinapita mezani kwangu: za Land Cruiser zinazopeleka wageni Tarangire na Ngorongoro, na za magari machache ya Ulaya ya wakubwa wa ofisi. Naandika haya kwa sababu shemeji yangu wa Moshi, mume wa mdogo wangu, alikuwa anatafuta gari, na maswali aliyoniuliza ni yale yale ninayoulizwa na watu wengi. Alikuwa na milioni 22. Kazi yake iko Arusha, kwa hiyo anakula zile kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, na barabara ile tunaijua: Boma Ng'ombe, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, kila mji na matuta yake na hamsini yake. Desemba lazima apandishe Marangu na familia nzima na mizigo juu. Alitaka gari lililotulia barabarani, la kumfikisha nyumbani mgongo ukiwa salama. Sioni ubaya wowote kwenye hamu hiyo.

Nilichokiona kwenye ankara ni kwamba bei ya spea siyo inayoumiza zaidi. Kinachoumiza ni kubahatisha. Land Cruiser yetu ikiingia gereji Unga Limited asubuhi, fundi anaizunguka, analala chini yake, anataja ugonjwa, kijana anatumwa dukani, jioni gari limetoka. Ankara moja. Gari la Ulaya likipelekwa kwa fundi asiye na mashine yake, naletewa ankara tatu kwa ugonjwa mmoja: ya kwanza sensa imebadilishwa, ya pili koili, ya tatu ndipo inagundulika waya umeliwa na panya. Sensa ilikuwa nzima, koili zilikuwa nzima, na zote zimeshalipiwa.

Mji wetu unaishi kwa safari, ndiyo maana una mafundi hodari kabisa wa dizeli za Toyota, watu wanaoweza kushusha injini ya Land Cruiser na kuipandisha huku wakipiga soga. Kwa magari ya Ulaya hesabu ni nyingine. Kila kampuni ina programu yake ya kusomea gari: BMW wana ISTA, Mercedes wana XENTRY, na kwa Volkswagen na Audi mafundi wengi duniani wanatumia VCDS. Kale kamashine kadogo kanakochomekwa chini ya dashibodi na kusomeka kwenye simu kanasoma makosa ya injini tu. Gia boksi, mifuko ya hewa, shokapu za upepo, hayo mengi hakayaoni. Kwa hiyo kabla hujaenda kuangalia gari lolote, nenda kwanza kwa fundi utakayemtumia na umuulize ana programu gani, na magari mangapi ya aina hiyo yako kwenye kiwanja chake sasa hivi. Akikujibu kwamba gari zote ni sawa tu, mshukuru na uendelee kutafuta.

BMW za miaka hiyo, kwa mfano, hata betri mpya inatakiwa isajiliwe kwenye kompyuta ya gari, ili mfumo wa kuchaji ujue betri si ile kuukuu tena. Ukiifunga bila kuisajili, gari litawaka na utaondoka, lakini litaendelea kuichaji kama betri chakavu na maisha yake yatakuwa mafupi. Fundi asiyelijua hilo atakuuzia betri nyingine mwaka ujao.

Gari la kwanza tuliloliangalia lilikuwa kwenye yadi, sedani nyeusi iliyong'arishwa mpaka unajiona. Namba D. Dashibodi ilisoma kilomita 71,000 na ushee. Kijana wa yadi akatuambia, "Dada, hii gari ni ya mama mmoja, alikuwa anaendea kanisani tu." Shemeji alishakaa kwenye usukani. Mimi nilifungua mlango wa dereva na kuangalia kwenye nguzo yake, pale ambapo magari yaliyotoka Japani huwa na stika ndogo ya kubadilisha oili. Wengi hawaitoi kwa sababu maandishi ni ya Kijapani na hakuna anayehangaika kuyasoma. Lakini tarakimu ni tarakimu. Stika ilikuwa imepauka, pembe moja imebanduka, na mwandiko wa kalamu ya wino ulikuwa bado unasomeka: 28 kwenye nafasi ya mwaka, na chini yake 98,400.

Hiyo 28 ni mwaka wa Heisei, kalenda ya utawala wa mfalme wao aliyetangulia. Ongeza 1988 unapata mwaka wetu, yaani 2016. (Kuanzia 2019 wamehamia Reiwa, hesabu inaanza upya na moja.) Gari lililokuwa limetembea kilomita 98,400 likiwa bado Japani mwaka 2016 haliwezi kuwa na 71,000 leo Arusha. Nilimwonyesha shemeji, akashuka. Kijana alisema labda stika ni ya mlango wa gari lingine. Huenda, lakini mlango wa gari lingine nao ni habari.

Kilomita zikirudishwa nyuma kwenye Toyota ndogo, hasara yake inavumilika. Kwenye gari la kifahari ratiba nzima ya matengenezo inavurugika, maana vitu vikubwa kama oili ya gia boksi, pampu ya maji na plagi vinakwenda kwa kilomita. Unanunua ukidhani una miaka mitatu mbele yako kumbe deni limeshafika.

Gia boksi nitaisema kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo iliyotoa ankara kubwa kuliko zote nilizowahi kupitisha. Magari mengi ya BMW, Jaguar, Land Rover na Audi ya kati ya 2002 na 2012 yana gia boksi ya otomatiki ya kasi sita ya kampuni ya ZF, familia ya 6HP. Watengeneza magari wengi waliandika kwamba oili yake ni ya maisha yote, haibadilishwi. ZF wenyewe, waliotengeneza gia boksi, wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi namwamini aliyeitengeneza. Tena trei yake ya chini ni ya plastiki na filta iko humo humo ndani, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Muuzaji akikwambia kwa fahari kwamba gia boksi haijawahi kuguswa tangu Japani, amekupa sababu ya kupunguza bei.

Halafu kila injini ina ugonjwa wake unaojulikana, na kuujua hakuhitaji ufundi, ni kusoma tu kabla hujatoa hela. Dizeli ya BMW ya N47 iliyoanza 2007 imewekewa cheni ya taimingi kwa nyuma, upande wa gia boksi, kwa hiyo ikianza kulia kazi yake ni ya kushusha mitambo. V6 ya petroli ya Mercedes, M272, zile za mwanzo za kabla ya 2007 hivi, zina gia ya shafti ya kusawazisha mtikisiko iliyokuwa laini kupita kiasi, meno yanalika, na hapo nako injini inatoka nje. Audi za lita 2 za turbo za karibu 2009 hadi 2011 zilisifika kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Discovery 3 na Range Rover Sport za mwanzo zina suspensheni ya upepo: mipira ikizeeka inavuja, kompresa inahangaika kujaza mpaka inaungua. Hilo la mwisho unaweza kuliona kwa macho. Omba gari lilazwe mahali tambarare, rudi asubuhi, uone kama kona moja imekaa chini kuliko nyingine.

Asubuhi hiyo hiyo weka kiganja kwenye boneti kabla halijawashwa. Likiwa la moto, kuna mtu amelipasha ili usisikie sauti ya sekunde za kwanza, na cheni iliyolegea inapiga kelele hapo hapo, oili ikiwa haijapanda.

Na msidhani Toyota ni malaika. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyoko kwenye Harrier nyingi, baadhi yake zinajulikana kwa nyuzi za boliti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku, na baadhi kwa kula oili. Tofauti ni kwamba ugonjwa huo kila fundi wa Majengo au Kijenge ameshauona, na injini nyingine utaipata bila kuvuka Wami.

Spea za Ulaya ndizo zinazosafiri. Za kawaida zinatoka Gerezani, Kariakoo, usiku kwenye basi. Nyingine zinatoka Nairobi kupitia Namanga. Zisizopatikana huko zinaagizwa Ujerumani, Uingereza au Dubai na gari linasubiri. Kuna njia mbili za kupunguza maumivu. Moja, usimtumie mwenye duka picha ya spea, mtumie namba ya chasisi. Kwa BMW herufi na tarakimu 7 za mwisho zinatosha kupata namba kamili ya spea, na hutaletewa kitu kinachokaribia kufanana. Pili, ulizia spea ya kiwanda kilekile kinachoitengenezea kampuni ya gari, ila iliyo kwenye boksi la kiwanda chenyewe: mikono ya mbele (vile vyuma vinavyoshika gurudumu) ya Lemförder, shokapu za Sachs, vitu vya umeme vya Bosch. Bei inashuka sana na ubora haupungui. Chunga tu feki, maana maboksi ya Lemförder nayo yanaigizwa.

Mikono ya mbele naisisitiza kwa watu wa Moshi na Arusha, kwa sababu ya matuta. Kwenye magari mengi ya Kijerumani kila upande una mikono ya aluminiamu na bushi zake zinauzwa pamoja na mkono mzima. Hicho ni kifaa cha kuisha na kubadilishwa, kama tairi. Kiweke kwenye bajeti toka mwanzo.

Mwishowe shemeji alikuwa na magari mawili ya kuchagua. Moja ni Toyota Crown safi ya macho, haina karatasi hata moja, imepita mikono ya madalali. La pili ni BMW ya mfululizo wa 5, toleo la E60 la 2008, injini ya N52, ya mzee mstaafu wa mtaa wa Shanty Town, Moshi, aliyeiagiza mwenyewe. Mzee alitoa faili: karatasi ya mnada ya Japani, kilomita zikiwa zinapanda kwa mpangilio kutoka risiti hadi risiti, na risiti ya pampu ya maji. Hiyo pampu kwenye N52 ni ya umeme, haina mkanda, inaweza kufa ghafla, na injini ikichemka pale kati ya Mombo na Same mchana wa Desemba hedi inaweza kupinda. Ilikuwa imeshabadilishwa. Fundi mwenye ISTA aliisoma gari lote. Akaangalia pia kama makosa hayajafutwa karibuni, maana yakifutwa kompyuta inaonyesha kwamba gari bado halijamaliza kujikagua. Hili lilikuwa limemaliza.

Kwa mtu asiye na fundi, asiye na akiba, na anayehitaji gari kila siku bila gari la pili nyumbani, ningesema Toyota bila kusita. Kwa shemeji nilisema chukua yenye faili. Crown ile ingekuwa mbuzi kwenye gunia, hata kama ni mbuzi wa kabila zuri.

Walikubaliana milioni 17 na nusu. Hizo nne na nusu zilizobaki hazikuwa chenji ya kununulia redio na rimu, nilizitenga siku ile ile kwenye akaunti ya mdogo wangu. Tairi nne zimeshafungwa. Mikono ya mbele ya kulia na kushoto imebadilishwa, kwa kazi hiyo tumelipa ankara moja. Oili ya gia boksi, trei na filta yake vinafuata wiki ijayo vikifika na basi kutoka Dar, na baada ya hapo akaunti itabaki na milioni moja na laki nane, ambayo haiguswi mpaka wamerudi kutoka Marangu Januari.