Shule au skuli?

Mimi mtu wa Tanga, mke wangu wa Makunduchi, Unguja. Tangu tuoane tuna ugomvi mdogo usiokwisha: mimi nasema shule, yeye skuli. Tulipohamia Leipzig, Ujerumani, nikajiona nimeshinda. Kila mtaa una kibao cha Schule, na sisi wa bara neno tuliachiwa na hao hao Wajerumani, pamoja na hela. Unguja alitawala Mwingereza, wakabaki na skuli yao.

Jumamosi iliyopita binti yetu kaanza darasa la kwanza. Huku jimboni kwetu Saxony siku hiyo ni kama harusi. Mtoto anakabidhiwa Schultüte, yaani ile karatasi ya kukunja ya karanga za kukaanga, ila hii imemfika kifuani, imejaa peremende na kalamu za rangi. Mama yake kaibeba njia nzima, mtoto imemshinda.

Sasa, kazini niko jikoni na mzee mmoja wa Kigiriki. Zamu ikiisha anavua aproni, anaitupa kwenye kapu la nguo chafu: "Skólasa!" Maana yake, nimetoka kazini, basi. Nilipomuuliza kama ina undugu na Schule alicheka sana. Kwa Wagiriki wa kale skholē ilikuwa nafasi, muda usio na kazi. Mwenye nafasi ndiye aliyeweza kukaa na wenzake wakabishana mambo ya elimu, mwishowe hata mahali pa kusomea pakaitwa hivyo. (Mwambie hayo mtoto aliyeamshwa saa kumi na mbili asubuhi.) Warumi wakasema schola, likatapakaa: Waitaliano scuola, Wahispania escuela, Waswidi skola. Wafaransa waliimeza s wakabaki na école. Wafini, ambao kwa asili hawataki konsonanti mbili zianze neno, wakaikata pia: koulu.

Kosa langu ni kwenda kuyasimulia nyumbani.

"Hebu ngoja, Baba Asha. Wenye s yao wote hao wanasema sk?"

Nikanyamaza. Maana hata Wajerumani wenyewe zamani waliandika scuola. Sh ilikuja baadaye, ile sk ilipolainika midomoni mwao. Skuli ndiyo iliyo karibu na Mgiriki, yangu imelegea njiani.

Siku hizi zamu ikiisha namwandikia mke wangu: "Nimeskoli." Jana akajibu: "Haya, pitia skuli umchukue mtoto."